Donge na Gunzi: Utangulizi wa Elimu ya Mbawakawa

Huhitaji shahada ya zoolojia wala darubini ya bei kubwa ili uingie katika elimu ya mbawakawa. Wadudu wenyewe umekwisha kukutana nao: ghalani, kwenye kuni, chini ya taa ya baraza usiku wa mvua za kwanza, na kwenye mavi ya ng'ombe njiani. Wataalamu wamekwisha kueleza na kuzipa majina ya kisayansi aina zipatazo 400,000 za mbawakawa, yaani karibu robo ya aina zote za wanyama zinazojulikana duniani. Idadi hiyo humtisha mgeni, naye hujiuliza aanzie wapi.

Mimi hupenda kuanza na wawili tu, waliotofautiana sana, na kuwatazama kwa pamoja. Nimewachagua wawili wanaopatikana katika kaunti moja ya Kenya, Taita-Taveta. Wa kwanza huviringisha mavi ya tembo katika nyika ya Tsavo. Wa pili hutoboa mahindi na kuyageuza unga, naye mkulima wa Tabora au wa Taveta hahitaji kutambulishwa kwake: ni dumuzi. Katika ukurasa huu wote nitauliza swali moja kuhusu kila mmoja wao, nalo ni hili: chakula chake hudumu kwa muda gani? Ukilishika swali hilo, mambo mengi yanayoonekana kuwa vioja katika maisha ya mbawakawa yatakuelea.

Tuanze na msingi. Mbawakawa, kama wadudu wote, ana miguu sita na mwili wenye sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kinachomtenga na wadudu wengine ni mabawa yake ya mbele. Hayo hayamrushi angani. Yamekuwa magumu na kugeuka vifuniko viwili, ambavyo kitaalamu huitwa elitra. Chini ya elitra kuna mabawa ya pili, membamba na laini, yaliyokunjwa kwa ustadi, na hayo ndiyo ya kurukia. Wageni wengi huchanganya mbawakawa na mende, basi tumia alama hii: mabawa ya mende hulaliana, moja juu ya jingine, lakini elitra za mbawakawa hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka. Alama hii haitakuangusha mara nyingi.

Faida ya vifuniko hivyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mdudu mwenye mabawa laini nje akijipenyeza kwenye udongo, gome la mti au rundo la mavi, mabawa yatachanika. Mbawakawa hupenya, hubana, huchimba, kisha hutoka na kuruka akiwa na mabawa mazima. Nadhani hapo ndipo penye siri ya wingi wao: wanaweza kuishi ndani ya vitu bila kupoteza uwezo wa kuruka.

Alama ya pili ni namna anavyokua. Mbawakawa hupitia hatua nne: yai, buu, bundo na mdudu mpevu. Buu ni mtoto asiye na mabawa, ambaye kazi yake ni kula na kunenepa. Bundo ni hatua ya utulivu, hali wala hatembei, huku mwili wake ukijengwa upya kwa ndani. Mabadiliko haya ya umbo huitwa metamofosisi. Kumbuka jambo moja tu hapa: buu na mzazi wake wanaweza kuwa na vinywa tofauti na kula vyakula tofauti. Tutalihitaji baadaye.

Neno la mwisho kabla hatujaingia nyikani ni kuhusu majina. Jina la kisayansi lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi dogo la ndugu wa karibu. La pili hutaja spishi, yaani aina yenyewe mahususi. Mviringishaji wetu wa Tsavo anaitwa Scarabaeus laevistriatus. Dumuzi anaitwa Prostephanus truncatus. Jenasi nazo hukusanywa katika familia: mviringishaji yumo katika familia ya Scarabaeidae, na dumuzi katika Bostrichidae, ambayo ni familia ya watoboa miti. Usijilazimishe kuyakariri leo. Yatakuingia yenyewe kwa kuyatumia.

Sasa twende Tsavo Mashariki, jua linapozama. Tembo mmoja mzima hula zaidi ya kilo mia moja za majani na magome kwa siku, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kusagwa vizuri. Kwa hiyo mavi yake bado yana chakula kingi. Lakini chakula hicho hakikai. Jua hukikausha, na walaji ni wengi kupita kiasi. Mwaka 1974 watafiti Anderson na Coe walichapisha matokeo ya kazi yao ya Tsavo: kwenye lundo moja la mavi ya tembo la kilo 1.5 walikuja mbawakawa wapatao 16,000, na katika muda wa saa mbili lundo likawa limekwisha. Hebu soma tena takwimu hizo polepole. Mdudu anayekitegemea chakula cha namna hiyo hana nafasi ya kusitasita.

Mbawakawa wa mavi wamelijibu tatizo hili kwa njia tatu. Wapo wakaaji, ambao huishi na kula ndani ya lundo lenyewe. Wapo wachimbaji, ambao huchimba handaki chini ya lundo na kuyashusha mavi humo. Na wapo waviringishaji, ambao hukata fungu lao, hulifanya donge na kuondoka nalo. Scarabaeus ni mviringishaji, na inafaa umtazame kwa karibu akiwa kazini.

Ukingo wa kichwa chake ni bapa na una meno. Huo ndio anaoupitisha chini ya mavi ili kuyakata. Miguu ya mbele nayo ina meno, na hiyo hupigapiga na kushindilia huku mwili ukizunguka donge linalokua. Ukimshika mmoja uitazame hiyo miguu ya mbele vizuri: miguu ya wadudu wengi huishia kwenye vifundo vidogo vya kukanyagia vyenye kucha, lakini Scarabaeus hana vifundo hivyo kwenye miguu ya mbele. Mguu umekuwa chombo cha kuchimbia na kufinyangia. Donge likiwa tayari, mdudu hugeuka, kichwa chini, miguu ya mbele ikisukuma ardhi na ya nyuma ikiwa imelikumbatia donge, akaenda kinyumenyume.

Wageni huuliza: kwa nini asile palepale? Jibu ni wezi. Mbawakawa aliyechelewa huona ni rahisi kumnyang'anya mwenzake donge lililokwisha kutengenezwa kuliko kulianza lake. Bernd Heinrich na George Bartholomew waliuchunguza ugomvi huu Tsavo, na kazi yao ilitoka mwaka 1979. Waligundua jambo lililowashangaza wengi. Tumezoea kuambiwa kwamba wadudu hawana joto la mwili la kwao wenyewe, kwamba hupata joto au baridi kulingana na hewa. Mviringishaji huyu hutengeneza joto kwa kutetemesha misuli ya kurukia iliyo kifuani. Hali hii, ya mnyama kuzalisha joto ndani ya mwili wake mwenyewe, huitwa endothemi, na ndiyo tuliyo nayo binadamu. Mbawakawa mwenye kifua chenye joto zaidi hujenga donge haraka, hutembea haraka, na katika ugomvi wa donge aghalabu ndiye mshindi. Joto hilo ni ghali, kwani huteketeza nguvu nyingi. Lakini pale ambapo chakula kinakwisha kwa saa mbili, polepole ni ghali zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo ya wezi, mviringishaji huenda kwa mstari ulionyooka. Akizunguka atajikuta amerudi lunduni, kwenye umati. Kabla ya kuanza safari hupanda juu ya donge na kujizungusha, na wataalamu wameonyesha kwamba hapo anasoma anga. Wa mchana hutumia jua, wa usiku hutumia mwezi. Je, usiku usio na mwezi? Mwaka 2013 Marie Dacke, Eric Warrant, Marcus Byrne na wenzao walitoa jibu kutoka Afrika Kusini, kwa kumchunguza ndugu wa mdudu wetu, Scarabaeus satyrus. Waliwavisha baadhi yao vikofia vya karatasi ngumu ili wasione juu, na hao wakapotea njia. Kisha wakawapeleka katika ukumbi wa nyota wa Johannesburg, ambapo anga huchorwa kwa taa darini, wakawasha na kuzima sehemu mbalimbali za anga hiyo. Mbawakawa walinyoosha njia hata walipoonyeshwa Njia Nyeupe peke yake, yaani ule ukanda wa mwanga hafifu wa nyota nyingi unaokatiza mbingu. Walikuwa wanyama wa kwanza kuthibitishwa kwamba huongozwa nao. Kila nikilisimulia jambo hili darasani huwa natamani saa ya kutoka isifike.

Donge lingine ni la mlo wa mwenyewe, lingine ni la uzazi. La uzazi huzikwa, jike hutaga yai moja ndani yake, na buu hula kutoka ndani bila kuligusa jua. Hapa ndipo linaporudi lile jambo la vinywa. Mzazi ana kinywa laini. Hunyonya majimaji ya mavi yenye chembe ndogo sana. Buu lina taya za kutafuna na hula hata nyuzi za majani. Mavi mamoja, walaji wawili, vyakula viwili. Na kwa kuwa kila donge ni kazi kubwa, watoto ni wachache: katika baadhi ya spishi za waviringishaji wakubwa, jike hulea mtoto mmoja au wawili tu kwa msimu mzima.

Tuhame sasa. Magharibi tu ya nyika hiyo, ukipita hifadhini hadi Taveta, kuna mashamba ya mahindi na ghala za wakulima. Huko ndiko dumuzi alikotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1983. Alikuwa ametangulia kuonekana Tanzania, mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliletwa katika nafaka, na huku hakukuta adui yeyote aliyemzoea.

Usitarajie mdudu wa kutisha. Dumuzi ana urefu wa milimita tatu hadi nne na nusu, rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi. Mwili wake ni mrefu, wa mviringo, unaoenea sawasawa ndani ya tundu analolitoboa. Ukimtazama kutoka juu hutakiona kichwa. Kimefunikwa na pronoto, yaani ngao ya juu ya kifua. Nyuma elitra zake zimekatika ghafla, kama zimekatwa kwa kisu. Mviringishaji ana vipapasio ambavyo ncha zake hufunguka kama kurasa za kitabu ili kunasa harufu ya mavi kutoka mbali. Vya dumuzi ni vifupi na huishia na pingili tatu nene. Mwenzake hula kwa kunyonya, yeye hula kwa kuguguna, na taya zake zimetengenezwa kwa ajili ya kuni kavu.

Hilo la kuni ndilo lililo muhimu. Nimekwisha kusema kwamba familia yake ni ya watoboa miti. Kwa dumuzi, gunzi la mahindi lililokauka ni kipande cha kuni chenye wanga mwingi, na makopa, mihogo mikavu, ni hivyohivyo. Chakula hicho hakimkimbii. Hakikauki zaidi ya kilivyo, hakigombaniwi na umati wa usiku mmoja, na mwenye nyumba amekitunza vizuri asinyeshewe. Kitadumu miezi minane, pengine hadi mavuno mengine. Basi dumuzi hana haja ya kupasha kifua joto, kugombana wala kusoma nyota. Anachohitaji ni kuingia, kukaa na kuzaana.

Na huzaana kweli. Jike hutoboa njia ndani ya punje, kisha kutoka njia hiyo huchimba vijumba vya pembeni, hutaga humo na kuyafunika mayai kwa unga wa mahindi aliousaga mwenyewe. Hali ikiwa nzuri hutaga mamia. Mabuu hula unga huo. Katika joto la nyuzi 32 na hewa yenye unyevu, yai huwa mdudu mpevu katika muda wa chini ya mwezi mmoja. Dume akipata chakula kizuri hutoa feromoni, yaani kemikali yenye harufu ambayo mnyama huitoa ili kuwapasha habari wenzake wa spishi yake. Harufu hii huwaita madume na majike pia. Linganisha na Tsavo: mviringishaji humkimbia mwenzake, dumuzi humwita. Chakula kinachodumu kinaruhusu ukarimu huo.

Hasara kwa mkulima ni nzito. Uchunguzi uliofanywa Tanzania katika miaka ile ya mwanzo ulikuta ghala zilizopoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi katika miezi mitatu hadi sita. Makopa yalipoteza zaidi ya nusu katika miezi minne. Nimepata kuona gunzi lililoonekana zima kwa nje, likainuliwa kutoka darini, na likamwagika unga mkononi. Familia iliyolitegemea gunzi hilo haihitaji kuambiwa kwa nini tunasoma wadudu.

Hapa ndipo elimu ya maumbile inapogeuka kuwa msaada. Dumuzi hawezi kutoboa vizuri asipopata pa kujikaza. Kwenye gunzi, punje zimebanana na hazisogei. Akisukuma, taya zinaingia. Kwenye mahindi yaliyopukuchuliwa, punje huteleza na kusogea anapozisukuma. Ndiyo maana mabwana shamba walisisitiza: pukuchua mapema, kausha vizuri, kisha changanya na dawa ya unga. Dawa nayo ilibidi iwe ya viambato viwili, pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi wa kawaida na pemethrini kwa ajili ya dumuzi, kwa sababu kila mmoja wa wadudu hawa huhimili kile kinachomuua mwenzake. Siku hizi kuna pia mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu humaliza oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Lakini kumfuta kabisa haiwezekani, kwa kuwa nje ya ghala huishi kwenye miti mikavu, kama mababu zake.

Lipo jambo jingine kuhusu feromoni ambalo sitaki ulikose. Huko kwao Mexico na Amerika ya Kati yupo mbawakawa mdogo mweusi aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye hula mayai na mabuu ya dumuzi. Huyapataje mawindo yake ndani ya punje? Hufuata ile harufu ya dume la dumuzi. Harufu ya namna hii, inayomfaidi mpokeaji wa spishi nyingine na kumdhuru mtoaji, huitwa kairomoni. Wataalamu walimleta Afrika kwa makusudi: aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Kazi hii ya kumtumia adui wa asili kupunguza mdudu mharibifu huitwa udhibiti wa kibiolojia. Teretrius amesaidia mahali pengine zaidi kuliko kwingine, wala hakuiondoa haja ya kutunza ghala vizuri.

Mbawakawa wa mavi nao wamesafirishwa. Wazungu walipopeleka ng'ombe Australia kuanzia mwaka 1788, mbawakawa wa huko walikuwa wamezoea mavi madogo makavu ya kangaruu. Mavi ya ng'ombe yakabaki juu ya ardhi, yakaharibu malisho na kuzalisha nzi. Kuanzia miaka ya 1960 taasisi ya utafiti ya nchi hiyo, CSIRO, kwa juhudi za George Bornemissza, ilipeleka huko spishi kadhaa za mbawakawa, nyingi zikiwa za Afrika, na malisho yakanufaika. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja utaona kwa nini sipendi kumwita mbawakawa yeyote rafiki au adui kwa asili yake. Dumuzi katika msitu wa Mexico huvunjavunja matawi makavu, na hiyo ni kazi halali. Mviringishaji naye hutuzikia mavi, huurutubisha udongo na kupunguza nzi, bila kujua kwamba sisi tupo.

Huenda sasa unajiuliza kama hawa wawili wana lolote linalowaunganisha zaidi ya elitra. Lipo, nalo utaliona ukilivunja donge la uzazi na kulipasua gunzi. Ndani ya vyote viwili utamkuta buu mweupe, mnene, aliyejikunja. La Tsavo ni kubwa kwa mara nyingi kuliko la ghalani, lakini umbo ni lilelile, kwa sababu maisha yao katika hatua hiyo yanafanana: yote mawili yamefungiwa ndani ya chakula, gizani, yakiwa hayana pa kwenda. Wazazi wao walitofautishwa na safari ya kukipata chakula hicho.

Sasa ni zamu yako. Usisubiri safari ya Tsavo. Mavi mabichi ya ng'ombe asubuhi, kijiti na subira vinatosha kukuonyesha wachimbaji na wakaaji kwa saa chache. Ukiwa mfugaji, angalia pia kama mavi hayo yanapungukiwa na mbawakawa baada ya ng'ombe kutibiwa minyoo kwa dawa za kundi la aivamektini. Mabaki ya dawa hizo hutoka na mavi na huweza kuua mabuu. Kwa upande wa ghala, chukua gunzi moja lenye vitundu, litie katika chupa ya kioo iliyofungwa vizuri kwa kitambaa chepesi, na uupime unga unaorundikana chini kila juma. Ukimaliza, choma gunzi hilo. Usimwachie dumuzi hata mmoja atoke.

Na kila mbawakawa unayemhifadhi, mwandikie kikaratasi chenye mambo manne: mahali, tarehe, saa, na chakula ulichomkuta nacho. Makumbusho ya taifa na taasisi za utafiti wa wadudu, kama icipe iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970, zinategemea maelezo ya aina hiyo. Mdudu mzuri asiye na kikaratasi hatuwezi kumfanyia kazi. Mdudu aliyevunjika mguu lakini ana kikaratasi kamili, tunampokea kwa mikono miwili.